Mpira wa nosi: upi ununue, upi uuache dukani

Nosi ni ile gesi ya nitrous oxide inayoingizwa kwenye injini ili gari liongeze nguvu, na bomba linaloitoa mtungini tunaliita mpira wa nosi, lakini ule wa maana ndani hauna mpira hata kidogo, na hapo ndo watu wengi wanapopigwa. Nje yote inafanana, imesukwa nyaya za stenlesi, inang'aa, muuzaji anakwambia huu ndo wenyewe bosi, kumbe anakuuzia mpira wa mafuta uliovishwa koti zuri.

Kabla ya bei elewa kwanza unabeba nini humo. Mtungi ukiwa kwenye digrii 20 unasukuma kama psi 740 (psi ni kipimo cha presha), ukifika 30 inagonga 900 na kitu. Tairi la gari dogo unajaza 32 hivi, reli ya petroli kwenye injini nyingi za EFI, zile zinazopuliza petroli kwa umeme, ni kama 43, kwa hiyo usije ukasema mbona ule wa petroli haujawahi kuvuja. Halafu ikipita digrii 36.4 nosi haiwezi tena kukaa kama maji mtungini, presha nayo inapaa haraka, sasa buti la gari lililopaki juani Dar mwezi wa pili saa nane mchana, 36 si ndo inaanzia hapo? Ndo maana mimi siangalii kitu chini ya psi 2,500 ya kazi. Ya kazi nimesema, sio ya kupasuka, maana wauzaji wanapenda kukutajia ile ya kupasuka ambayo mara nyingi ni mara nne ya ya kazi.

Namba moja, bila ubishi, ni tefloni (plastiki ngumu inayoteleza) ndani na stenlesi nje, uliokuja umebanwa nati zake kiwandani. Tefloni hailiwi na nosi, inavumilia baridi (nosi ikitoka inachemka kwenye digrii 88 chini ya sifuri, we fikiria), na ndani ni laini kwa hiyo nosi haichemki njiani ikaleta mapovu, maana mapovu yakifika kwenye nozeli (kitundu kinachopuliza nosi kwenye injini) injini inapata nosi kidogo na petroli nyingi, gari linakohoa badala ya kuondoka. Saizi usihangaike, kit ya hosi pawa 50 mpaka 150 namba 4 inatosha toka kwenye mtungi, namba 3 toka solenoidi (vali ya umeme inayofungua na kufunga nosi) kwenda nozeli, namba 6 waachie wanaotafuta nyingi zaidi. Hiyo namba ni sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo 4 ni saizi ya bomba la robo inchi. Mtungi ukikaa kwenye buti urefu unaocheza ni futi 14 hadi 16, ila pima kwa kamba kwanza, kona zote.

Namba mbili naweka bomba gumu la stenlesi chini ya gari, na vipande vifupi vya tefloni huku na huku. Ni safi na linadumu ila linataka fundi anayejua kukunja bila kulibonyeza, na wa hivyo ni wa kutafuta.

Namba tatu nailoni ya presha kubwa, kuna kit za Uingereza zinakuja nayo. Nyepesi, inapita popote, ila ikae mbali na ekzosi na isiwe ile ya kompresa ya upepo hata kama rangi ni hiyohiyo.

Ya kuacha dukani sasa. Mpira wa mafuta wa kusukwa, huo wa koti zuri. Mpira wa gesi ya jikoni, nacheka lakini nimeshaulizwa. Na mpira wa greda, huu unachanganya watu kwa sababu presha inabeba kweli, tatizo ndani ni mpira na umeshapakwa oili, na nosi ni kitu cha kuchochea moto, oili na presha kubwa sehemu moja hapana.

Kutofautisha ni rahisi ukiona ncha iliyokatwa. Sisi tulinunua mmoja wa Forester ya jamaa yangu, tukaambiwa tefloni, tukaukata na msumeno wa chuma gereji, ndani ukuta mnene mweusi, ukiubonyeza na ukucha unaingia. Tefloni ni ukuta mwembamba mgumu, mara nyingi mweupe, unateleza kama sabuni, ukucha hauachi alama. Na fitingi zake za kufunga mwenyewe zina kapete ka shaba ndani, za mpira hazina. Muuzaji akikataa kukuonyesha ncha ondoka.

Nati kwa kawaida bluu ni nosi, nyekundu petroli, heshimu hiyo ili mwenzako akifungua boneti asibabaike. Usiupitishe karibu na betri, zile nyaya za nje ni chuma na zikigusa pozitivu utaona cheche, tena zinakwangua nyaya za umeme taratibu kama tupa, kwa hiyo panapopita kwenye bati weka raba.

Na ile tepu nyeupe ya mafundi bomba usiizungushe popote. Kwenye koni za nati haina kazi, chuma kwa chuma kinajifunga chenyewe, na kwenye nyuzi nyingine paka ile ya maji maji ya tefloni, kidogo tu. Kipande cha tepu kikimeguka kinaenda kukaa kwenye solenoidi, unaachia swichi na nosi bado inaingia.