Kesi ya USB 3.0 ya hadi diski: kwa mafaili ni safi, kwa programu haisaidii

Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya Windows 10, Oktoba 14, 2025, ofisi na wanafunzi wengi Dodoma wanabadilisha kompyuta, na kesi hizi za plastiki zinatafutwa sana. Unatoa hadi diski ya zamani, unaitia ndani ya kesi, unachomeka kwenye mashine mpya. Flashi haiifikii hata kidogo: iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video ya harusi inavuka hapo bila jasho.

Nenda dukani na diski mkononi. Kesi ya kawaida inachukua diski ya SATA (aina ya kiungio cha diski) ya inchi 2.5 tu. Diski ya inchi 3.5 inataka volti 12, kwa hiyo lazima kesi iwe na adapta yake ya umeme. Vile vijiti vya M.2 (diski nyembamba za SSD) ndivyo vinavyochanganya: chenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, chenye pengo moja ni NVMe (aina yenye kasi zaidi), na kesi zake ni tofauti.

Udhaifu wa kesi hizi uko kwenye waya. Kichwa chake ni kipana, kina sehemu mbili. Waya huo ukipotea, waya wa simu wa micro-USB utaingia vizuri kwenye sehemu kubwa na diski itasoma, ila kwa mwendo wa USB 2.0. GB 200 ambazo zingechukua kama dakika 35 kwa MB 100 kwa sekunde zitakula saa moja na nusu. Diski ikilia tik-tik na kuzima, mara nyingi ni njaa ya umeme: tundu la USB 2.0 linatoa mA 500, la 3.0 (mara nyingi la bluu) mA 900. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma.

Kunakili kwa kuburuta kunakwama kwenye ruhusa za mtumiaji wa zamani. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike amri hii ya kunakili (E ikiwa diski ya zamani):

robocopy E:\Users C:\Zamani /E /B /XJ /R:1 /W:1

/B inapita ruhusa hizo, /XJ inazuia kuzunguka kwenye folda za njia ya mkato. Usiache /R na /W: bila hizo, faili bovu moja litajaribiwa mara milioni 1, kila baada ya sekunde 30. Na nakili, usikate; umeme ukikatika katikati, chanzo bado kipo.

Programu ni habari nyingine. Kuhamisha folda ya Program Files ni kupoteza muda, kwa sababu nusu ya mipangilio imo kwenye rejista ya Windows ya zamani. Zipigwe upya. Ndiyo maana yapo mambo ya kumaliza kabla hujagusa bisibisi, mashine ya zamani ikiwa bado inawaka: rudisha leseni ya Tally (programu ya uhasibu) na uchukue nakala ya data humohumo ndani ya Tally, sawazisha nywila za Chrome, maana zimefungwa kwa akaunti ya Windows ile na kunakili folda hakuzifungui, na kama kuna BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski), andika ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, kesi itaonyesha diski yenye kufuli tu.