Chupa gani ununue Kroatia: šljivovica kwanza, ya kando ya barabara usiiguse

Ukiingia dukani Zagreb au Split utakuta rafu nzima ya rakija, yaani pombe kali inayokenekwa kutokana na matunda. Kabla hujauliza bei, geuza chupa usome aina yake. Voćna rakija ni tunda lililochachushwa likakenekwa; kwa sheria ya Umoja wa Ulaya kilevi chake hakishuki chini ya asilimia 37.5 na haitiwi ladha ya pembeni. Liker ina sukari, kwa kawaida si chini ya gramu 100 kwa lita. Ikiandikwa jako alkoholno piće tu, yaani kinywaji kikali, huku picha ya plamu imejaa mbele, irudishe rafuni. Mara nyingi hiyo ni spiriti tupu iliyotiwa harufu.

1. Slavonska šljivovica

Hii ndiyo ya kununua kama fedha yako inatosha chupa moja. Ni rakija ya plamu kutoka Slavonia, mashariki mwa nchi, na jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Plamu inayosifiwa zaidi kwa kazi hii ni Bistrica, ambayo huachwa mtini hadi ganda lianze kukunjamana karibu na kikonyo, kwa kuwa hapo ndipo sukari imejaa. Rangi ya dhahabu hutokana na pipa la mwaloni. Lakini rangi hudanganya, maana hata karameli huleta dhahabu. Tafuta muda wa kukaa pipani ulioandikwa kwenye lebo.

Mimina kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba, iache dakika 5, kisha nusa. Plamu itangulie. Ukisikia harufu ya kiondoa rangi ya kucha, mkenekaji hakumwaga tone la mwanzo, yaani pombe inayotangulia kutoka mtamboni. Harufu ya kitambaa kibichi au mboga zilizochemka ni ya tone la mwisho, ambalo wenyeji huliita patoka. Lozi chungu kwa mbali ni sawa, kwani inatoka kwenye kokwa. Ikizidi, kokwa zilipondwa. Usiiweke kwenye friji. Baridi huua harufu, na harufu ndiyo uliyoilipia.

2. Zadarski maraschino

Likeri ya cheri chachu za maraska, kutoka mji wa Zadar. Watu wengi huokota chupa nyekundu wakidhani ndiyo hii. Siyo: maraschino halisi haina rangi kabisa, kwa sababu ladha yake hutokana na cheri zilizokenekwa. Sheria inadai sukari isiyopungua gramu 250 kwa lita, kwa hiyo usiinywe glasi kwa glasi. Mililita 10 zinatosha kwenye saladi ya matunda au kinywaji cha kuchanganya, na chupa iliyofunguliwa hukaa muda mrefu bila kuharibika.

3. Pelinkovac

Likeri chungu ya pakanga. Ni rahisi kuipata na ndiyo tunayompendekezea mtu mwenye bajeti ndogo. Kunywa na barafu na kipande cha limau baada ya kula. Iliyoandikwa gorki ni chungu zaidi. Anayeonja kwa mara ya kwanza aichukue akijua hivyo.

4. Travarica

Rakija ya Dalmatia, eneo la pwani, iliyolowekwa mitishamba kama rosemari, seji na shamari. Hunywewa kabla ya chakula, pamoja na tini kavu. Chupa yenye tawi zima ndani inapendeza machoni, lakini tawi likibaki humo miezi mingi uchungu huzidi, na sehemu iliyochomoza juu ya pombe hubadilika kuwa kahawia. Nunua iliyokwisha kuchujwa.

5. Prošek

Kama hupendi pombe kali, anzia hapa. Ni mvinyo mtamu wa Dalmatia wa zabibu zilizokaushwa kabla ya kukamuliwa. Usiuchanganye na Prosecco ya Italia, ambayo kwa kawaida ni mvinyo mweupe wa mapovu. Mgogoro wa majina hayo mawili umefanya baadhi ya chupa ziandikwe desertno vino, mvinyo wa kitindamlo, badala ya jina la kale. Chupa ya bei ya chini sana huenda ikawa ni mvinyo wa kawaida uliotiwa sukari.

6. Medica, orahovac na biska

Ya kwanza ni ya asali, ya pili ya jozi mbichi za kijani, ya tatu ya Istria, rasi ya kaskazini-magharibi, na hutiwa majani ya mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Sheria haimlazimishi mtengenezaji wa pombe kali kuorodhesha viambato, kwa hiyo medica iliyotaja med (asali) kwa hiari yake ina dalili njema.

Usinunue

Chupa ya plastiki isiyo na lebo, kando ya barabara, hata muuzaji akisema domaće, ya nyumbani. Methanoli huitambui kwa pua, kwa ulimi wala kwa kuwasha moto. Wapo wakenekaji wazuri vijijini, lakini waliosajiliwa hubandika lebo yenye jina na asilimia.

Ukisafiri, pombe ya asilimia 24 hadi 70 huruhusiwa lita 5 tu kwa abiria kwenye mzigo wa chini, ikiwa kwenye chupa yake ya dukani. Ukitua Nairobi au Dar es Salaam, msamaha wa ushuru ni lita 1 ya pombe kali au lita 2 za mvinyo. Zungushia kila chupa nguo, uiweke katikati ya begi.