Kozi ya jioni ya Kifaransa, Arusha: mdomo safi, kalamu mashaka

Mimi ni mwongoza watalii. Mwaka jana kule Tarangire niliwaambia wageni wangu Wafaransa kwamba chui yuko "au-dessous", yaani chini. Wote wakainamia nyasi, na chui mwenyewe kajilaza tawini juu yetu. Nilikusudia "au-dessus", yaani juu. Wiki ileile nikalipa laki tatu, kozi ya miezi minne.

Mwalimu wa mazungumzo ni hazina. Ile "u" yao alitufundisha hivi: tamka "i", ulimi usiusogeze, kisha chongoa midomo kama unayepuliza chai ya moto. Nilipuliza nyumbani mpaka mke wangu akaniuliza kama jino linauma. Sasa "rue" (mtaa) na "roue" (gurudumu) hazinisumbui.

Kwenye kuandika ndiko walikoniudhi. Tulikuwa 22 darasani, na barua niliyoandika Machi ilirudi Mei ikiwa na tiki tu, bila sahihisho hata moja. Na mtihani wa DELF B1, ule wa cheti cha Kifaransa cha kiwango cha kati, unataka maandishi yasiyopungua maneno 160. Ukipata chini ya 5 kati ya 25 kwenye sehemu yoyote, umeanguka, hata uongee kama mzaliwa wa Paris.

Ikabidi nimwombe mgeni wangu mmoja mstaafu anisahihishie kwa baruapepe. Ndiye aliyeniambia barua rasmi haifungwi kwa "merci" kavu. Inataka sentensi nzima ya heshima, utadhani unamwandikia mkuu wa wilaya.

Muhula ujao narudi, ila nalipia mazungumzo tu.