Miezi 14 na skuta ya tustroku, Mikindani hadi mjini

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Mikindani, kibanda changu kipo Mtwara mjini, kama kilomita kumi kwenda na kumi kurudi. Skuta hii ya Kijapani, mtumba, cc 50, niliichukua kwa kuwa navaa dera. Pikipiki ya kawaida lazima utupe mguu juu. Hii unaingia tu ukakaa, na furushi la vitambaa nalilaza hapo chini miguuni.

Kwenye lami naipenda sana. Haina klachi ya kushika wala gia za kubadili. Injini yake ya tustroku inachoma mafuta kila mzunguko, ya bodaboda inachoma mara moja kwa mizunguko miwili, ndiyo maana hata kwa udogo wake ukiigusa inaitika. Lita moja inanifikisha kilomita 30 hivi.

Shughuli iko kwenye oili. Injini hii haina oili inayokaa chini ikizunguka. Inalainishwa na ile unayochanganya na petroli, kisha inaungua yote. Yangu pampu ya kuichanganya yenyewe ilishazibwa na mwenye nayo wa kwanza, kwa hiyo nachanganya mwenyewe: mililita 20 kwa kila lita. Napima kwa bomba la sindano nililonunua duka la dawa, natangulizia oili, petroli inafuata, natikisa.

Siku moja ya Ramadhani nikiwahi futari nilijaza petroli tupu. Ghuba iko kulia kwangu, Mikindani naiona, injini ikaanza kulegea, mlio ukawa mkavu, ikazima. Kiki ikagoma kushuka kabisa: pistoni imeng'ang'ania silinda. Niliisukuma gizani hadi kwa fundi. Ringi mpya, silinda ikasuguliwa, na wiki nzima nikapanda daladala.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenikataza oili ya mashine za boti, ambayo huku pwani ni rahisi kuipata. Mashine ya boti inapozwa na maji. Skuta inapozwa na upepo, joto lake ni kali zaidi. Tafuteni oili ya pikipiki za tustroku.

Plagi naifungua kila mwezi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, nashukuru. Ikiwa nyeusi na imelowa, nimezidisha oili, naipiga msasa.

Moshi upo, na nguo za wateja zinashika harufu, sasa nazifunga kwenye nailoni. Mchangani vitairi vinazama. Mwinuko wa kwenda Boma, ile ngome ya zamani ya Wajerumani, nikimpakia mdogo wangu, anashuka. Beliti, ile inayozungusha tairi la nyuma, niliagiza Dar.

Kwa mtu mmoja, kwenye lami, mwenye subira ya kupima oili, naipendekeza kwa moyo wote. Ukienda kuikagua, kwanza shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na injini ya moto huwaka kirahisi hata kama ina ubovu. Kaa, subiri ipoe, ndipo upige kiki.