Seti ya Majaribio ya Kemia Kutoka Kariakoo: Inamfaa Mwanafunzi wa Sekondari?

Kwa mzazi wa Dar es Salaam ambaye mtoto wake anasoma kemia katika shule isiyo na maabara ya kutosha, seti ndogo ya majaribio niliyoinunua Kariakoo ni kitu ninachokipendekeza kwa dhati, ingawa si bila masharti.

Sehemu ya asidi na besi inaridhisha: karatasi za litmasi hubadilika upesi, nyekundu katika maji ya limau na bluu katika maji ya magadi.

Thamani yake kubwa, hata hivyo, imo katika jaribio la kasi ya mmenyuko, yaani badiliko la kemikali linalozaa vitu vipya. Mwanafunzi huchanganya sodiamu thaiosalfeti na asidi ya haidrokloriki katika bika (kikombe kiangavu cha maabara) iliyowekwa juu ya karatasi yenye alama ya X, kisha hupima muda hadi salfa inayotokea iifiche alama hiyo. Akirudia kwa myeyusho uliopashwa moto kidogo, hujionea kwamba alama hupotea mapema zaidi, kwa kuwa chembe hugongana mara nyingi zaidi na kwa nishati kubwa zaidi. Somo hilo halikaririwi, huonekana.

Kasoro yake ni nzito: mwongozo hautaji kwamba mmenyuko huo hutoa gesi ya salfa dioksaidi, ambayo hukera njia ya hewa na ni hatari hasa kwa mwenye pumu. Jaribio lifanyike penye madirisha wazi, chini ya uangalizi wa mtu mzima, na mtoto avae miwani ya kinga. Kipimajoto hakimo, hivyo kinunuliwe kando.