Trekta lililotumika: mnada wa mtandaoni au kwa mwenyewe?

Mnadani bei ya kuanzia huvutia, lakini siyo utakayolipa. Juu ya dau huja kamisheni, kodi na usafiri. Toa hizo kwanza kwenye bajeti, kinachobaki ndicho kikomo chako. Trekta huuzwa lilivyo, na picha haina moshi wala sauti. Omba video ya injini ikiwashwa ingali baridi, na picha ya mita ya saa (inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi) pamoja na pedali ya klachi. Mita ikisoma saa 1,500 tu huku pedali imelika hadi chuma, amini pedali.

Kwa mwenyewe huenda ukalipa zaidi, ila unakagua kwa mkono. Fika kabla injini haijapashwa moto. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji, mara nyingi kwa gasketi iliyoungua. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Nyanyua jembe kwa hidroliki, zima injini, kaa mbali nalo dakika 10. Likishuka upesi, sili zimechoka au valvu inavuja.

Mnada tunaupendekeza kwa majembe na haro tu, maana fremu iliyopinda, ulehemu mpya na diski zilizolika huonekana pichani. Chenye injini, kakione.