OTT Parsivel² kwa kupima marasharasha ya bahari melini: ukubwa wa matone sawa, kiasi cha maji hapana

Parsivel², kifaa cha leza cha kampuni ya OTT, ilitengenezwa kupimia mvua na theluji, na nchi kavu inaifanya kazi hiyo vizuri. Vichwa viwili vinatazamana, katikati unapita utepe wa leza wa milimita 180 kwa 30, yaani sentimita 54 za mraba. Kila tone linalokatiza utepe hupimwa kipenyo na kasi, kisha huingizwa katika moja ya madaraja 32 ya ukubwa na 32 ya kasi. Matata huanza ukiipandisha kwenye meli ya Bahari ya Bering, ukitaka kujua omo (sehemu ya mbele ya meli) inarusha maji kiasi gani kabla hayajagandia mlingotini.

Haja ya kuyapima ipo. Fahirisi ya Overland, inayotumika Alaska kutabiri barafu inayogandia meli, hutazama upepo, joto la hewa na joto la maji tu. Ikipita 83, barafu hukadiriwa kuongezeka zaidi ya sentimita 4 kwa saa. Kanuni ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ya uthabiti wa meli (2008) hutenga kilo 30 za barafu kwa kila mita ya mraba ya sitaha iliyo wazi, sawa na unene wa sentimita tatu na nusu hivi. Kwa kasi hiyo akiba yote huisha kabla ya saa kutimia. Na fahirisi hiyo haijui omo yako ni ndefu au fupi, wala unakwenda kasi gani.

Kasoro kubwa ya Parsivel² hapa ni muda. Vipimo vya mwaka 1990 kwenye Midgett, meli ya walinzi wa pwani wa Marekani, vilionyesha mrusho mmoja hudumu wastani wa sekunde 2.7 hivi. Parsivel² hutoa jumla kila baada ya sekunde 10, si chini ya hapo. Kwa hiyo mrusho mzito husomeka kwa robo tu ya ukali wake, na ukiiweka kwenye sekunde 60 haibaki hata sehemu moja ya ishirini. Anayesoma jedwali hilo atadhani ni manyunyu.

Kasi nayo ina mpaka: mita 20 kwa sekunde. Upepo wa mita 18 ukikutana uso kwa uso na meli inayokwenda maili 12 za bahari kwa saa hufika mita 24. Isitoshe, hesabu za kifaa zinadhani tone linaanguka wima. Linalopita kwa ubavu hukawia ndani ya utepe na kuandikwa kuwa la polepole. Kilaze kifaa ili utepe ukabili omo, na uweke kipima upepo karibu yake. Upepo ukija kwa pembe ya nyuzi 30, eneo halisi hushuka hadi sentimita 47 za mraba, nalo husahihishika. Ukizidi hapo, tupa data. (ODM470 ya Eigenbrodt, kifaa kingine cha kupima matone, yenye boriti ya duara inayojigeuza na upepo, haina usumbufu huu.)

Chumvi hufanya utando kwenye vioo. Fuatilia safu ya nguvu ya leza: ikishuka wakati hakuna kinachoanguka, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kisha futa kwa kitambaa laini. Barafu usiikwangue kwa chuma.

Kiasi cha maji kipimwe kwa bomba la kukingia marasharasha. Mdomo wa kipenyo cha milimita 100 una eneo la sentimita 78.5 za mraba, hivyo mililita 7.85 ni milimita moja ya maji. Uelekeze omo, mpira wa kushushia maji uzungushiwe waya wa kupasha joto, chupa ikae ndani. Bila waya huo mpira huziba kwa barafu na chupa tupu hukudanganya kuwa bahari ilitulia. Kisha pima chumvi ya chupa, jambo ambalo leza haiwezi: bahari ikiwa na gramu 32 kwa kilo na chupa ikasoma 24, robo ya maji hayo ni theluji au mvua, yaondoe kwenye hesabu.